Ulipewa Jembe, Hukupewa Shamba

Kama unapakia video TikTok, ama unaendesha ukurasa wa matukio ya mtaani kwenu, ama una kipindi cha YouTube kinachokulipia bando na nauli, leo nataka tuongee mimi na wewe. Nataka nikupe stori ya Mwingereza mmoja aitwaye Mark Kitto na majarida yake ya Kiingereza kule Uchina. Najua unajiuliza, "Shanghai inanihusu nini na mimi niko Umoja?" Tulia. Ukifika mwisho utaona kwamba stori ni yako, ni majina tu yamebadilika.

Kitto alikuwa afisa katika jeshi la Uingereza, kikosi cha Welsh Guards. Alipotoka jeshini akaingia biashara ya madini. Uchina aliifahamu mapema, kwa sababu alifika huko mara ya kwanza mwaka 1986 akiwa mwanafunzi wa Kichina. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akaona pengo ambalo wengine walikuwa wanalipita tu kila siku.

Fikiria Shanghai ya wakati huo. Nchi inafungua milango, kampuni za Ulaya na Marekani zinamiminika, na mwaka 2001 Uchina inaingia Shirika la Biashara Duniani. Kila kampuni inaleta mameneja, wahandisi na wahasibu wake, pamoja na wake, waume na watoto wao. Watu hawa wanashuka kwenye ndege na mishahara minono, lakini hawawezi kusoma hata kibao cha choo. Hawajui daktari wa meno yuko wapi, shule ya mtoto ipi, nyumba ya kukodi wataipataje, wala Ijumaa usiku watu wanaenda wapi. Wakati huo hakukuwa na simu ya kisasa ya kumtafsiria mtu menyu.

Kitto akaanzisha jarida la kuwajibu. Lilianzia Guangzhou, likaja Shanghai, kisha Beijing. Yakajulikana kwa jina moja la familia: that's Guangzhou, that's Shanghai, that's Beijing. Ndani yake kulikuwa na orodha ya mikahawa, ratiba ya bendi na maonyesho, makala kuhusu mitaa ya mji, na matangazo madogo madogo ya watu wanaouza makochi kwa sababu wanarudi kwao.

Na lilikuwa la bure. Ulilikuta limerundikwa mlangoni mwa baa, kwenye kaunta ya hoteli, ama mezani kwa kinyozi anayeongea Kiingereza. Kama umewahi kuingia mkahawa fulani Westlands ama Gigiri, ukaona jarida linang'aa, karatasi nzito, bei hakuna, picha za shule za kimataifa na chupa za divai, basi unajua ninachosema. Msomaji wa jarida la aina hiyo si mteja. Msomaji ndiye bidhaa. Mteja ni mwenye hospitali ya kibinafsi, mwenye baa, mwenye kampuni ya kuhamisha vyombo, anayelipa ili amfikie mtu mwenye pesa ambaye bado hajaujua mji.

Unaona jinsi inavyofanana na kazi yako? Wewe pia unatoa bure. Wewe pia unalipwa na anayetaka kuwafikia wafuasi wako. Kitto alikuwa kama wewe, ila yeye alitumia karatasi na wino.

Karatasi iko wapi?

Sasa tuingie kwenye shida yenyewe. Uchina, huwezi kuamka tu asubuhi ukachapisha jarida. Kila jarida linalotoka kwa kufuatana linahitaji namba rasmi ya uchapishaji, ambayo wao wanaiita kanhao. Namba hiyo hupewa mchapishaji anayetambuliwa, ambaye naye yuko chini ya taasisi ya serikali ama ya chama inayomsimamia. Mgeni hapewi. Hata awe na pesa za kujaza lori.

Kwa hivyo wageni wote waliotaka kufanya kazi hii walipita njia ya kando. Unatafuta mchapishaji wa serikali mwenye kibali, yeye anaweka jina lake kama mchapishaji, nawe unaunda kampuni ya matangazo ama ya usanifu. Kwenye karatasi, wewe ni mtu wa kumuuzia nafasi za matangazo. Kwenye uhalisia, wewe ndiye unayeajiri waandishi, unayelipa kiwanda cha uchapaji, unayekesha ofisini hadi saa nane usiku jarida likienda mitamboni. Mshirika wako anapitia kurasa kabla hazijachapwa. Habari za Tibet na za Tiananmen 1989 huzigusi. Hata ramani ya Uchina ukiichora bila Taiwan, hiyo imekula kwako.

Kitto alifanya hivyo kwa miaka kadhaa, na majarida yakafaulu. Yakawa mazito kwa matangazo, yakawa ndiyo jina la kwanza kutajwa na mgeni yeyote mjini. Halafu mwaka 2004 yakachukuliwa. Mshirika wake alikuwa mchapishaji aliye chini ya ofisi ya habari ya serikali, na siku mshirika alipoamua kwamba sasa kitu kiko tayari kuvunwa, Kitto alibaki bila jarida. Jina that's likaendelea kuchapishwa, matangazo yakaendelea kuingia, mji ukaendelea kusoma. Ni yeye tu aliyekuwa nje.

Usifikirie alikuwa fala. Alijua tangu mwanzo kwamba namba si yake. Alicheza kamari akiamini kwamba akifanya kazi nzuri sana, na kila mtu akipata kitu, hakuna atakayetaka kuvuruga. Hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Tunafikiri kitu kikikua, usalama wetu nao unakua. Ukweli ni kinyume. Shamba likiwa la vichaka hakuna anayeulizia hatimiliki. Mahindi yakishabeba ndipo wenyewe hujitokeza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi huitumia methali hii kumcheka mgeni mvivu. Lakini isikilize tena. Amepewa jembe. Nani alisema amepewa shamba?

Yangu pia ilienda

Nisijifanye naongea kama mtu aliyesoma haya kwenye kitabu tu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya ukurasa wa Instagram.

Tulikuwa wawili, mimi na jamaa tuliyejuana tangu sekondari. Tukaanza kuposti plani za wikendi za Eastlands: nani anapiga ngoma wapi, kibanda kipi cha samaki ni safi, ni wapi unaweza kukaa na mia tano na bado ukarudi na nauli. Hakuna aliyekuwa anaandika kuhusu upande huu wa mji isipokuwa kukiwa na mauaji ama moto. Nilikuwa nikitembea na miguu kutoka Kayole hadi Buruburu nikipiga picha za vibanda. Usiku naandika maelezo. Yeye alikuwa na simu nzuri, na siku tuliyofungua akaunti ilifunguliwa kwa namba yake na barua pepe yake. Sikuona shida. Kwani beste anaweza kukuibia?

Miaka miwili na nusu baadaye tukawa na wafuasi zaidi ya elfu arobaini, na ofa ya kwanza ya maana ikaja, ya kulipwa kila mwezi. Wiki hiyo paswadi ikabadilishwa. Nilimpigia, hakushika. Nilimwandikia, nikaona alama za kusomwa tu. Baada ya siku nne akanijibu kwamba anaona ni vizuri "kila mtu afanye mambo yake."

Nilienda nyumbani nikamwambia mama. Mama anauza mitumba, na mambo ya Instagram hayajui kabisa. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja: "Sasa mwanangu, karatasi iko wapi?"

Sikuwa na karatasi. Nilikuwa na picha elfu mbili kwenye simu, nazo nusu zilikuwa zimefutwa kupata nafasi.

Baadaye nilipokutana na stori ya Kitto ndipo nikaelewa kwamba haikuwa bahati mbaya yangu peke yangu. Ni muundo. Anayefanya kazi ni mmoja, anayeshika kibali ni mwingine, na kila mtu anatabasamu hadi siku pesa inapoingia.

Walioondoka na wasomaji wao

Lakini kuna upande wa pili wa stori ya Uchina ambao watu husahau, na ndio uliofanya niandike makala hii badala ya kulia tu.

Beijing, timu iliyokuwa ikitengeneza that's Beijing nayo ilifika mahali pa kuachana na jina hilo. Ilikuwa mwaka 2008, mwaka wa Olimpiki, wakati mji umejaa wageni na matangazo. Jina lilibaki na mchapishaji. Timu ikatoka na jina jipya, the Beijinger, ikaendelea na kazi ile ile. Na wasomaji wakawafuata.

Kwa nini wao waliweza kuvuka? Kwa maoni yangu, kwa sababu walitoka na vitu ambavyo havikuandikwa kwenye kibali. Waandishi walikuwa wao. Wateja wa matangazo walikuwa wanawajua kwa sura, si kwa nembo. Na walikuwa na tovuti, ambako watu waliingia kila siku kutafuta nyumba, kazi na makochi yale yale ya waliorudi kwao. Mchapishaji alibaki na jina na namba. Timu ilitoka na watu.

Hapo kuna tofauti ya maisha na kifo katika biashara hii yetu. Jina linaweza kuchukuliwa. Kibali kinaweza kuchukuliwa. Lakini kama unaweza kuwafikia wasomaji wako kesho bila kumwomba mtu ruhusa, bado uko na kazi.

Linganisha na Beijing Scene, jarida lililotangulia haya yote. Lilianzishwa miaka ya 1990 na Mmarekani Scott Savitt, na mwaka 2000 polisi wakalifunga, yeye akawekwa ndani kisha akafukuzwa nchini. Hapo hakuna ujanja wa tovuti utakaokuokoa. Kwa hivyo sisemi kuna kinga ya kila kitu. Serikali ikitaka, itafunga. Nasema tu kwamba vifo vingi vya kazi za vijana haviletwi na serikali. Vinaletwa na paswadi.

Mgeni ni mgeni

Kuna jambo lingine linanikera kuhusu majarida haya, na si vizuri nilipite.

Yalijiita ya "expat". Neno hilo kwa Kiingereza humaanisha mtu anayeishi nje ya nchi yake. Lakini wewe na mimi tunajua linavyotumika. Mzungu akihamia Nairobi kufanya kazi anaitwa hivyo, Mkenya akihamia London kufanya kazi ile ile anaitwa mhamiaji. Mwaka 2015 mwandishi Mtogo, Mawuna Remarque Koutonin, aliuliza swali hilo waziwazi kwenye gazeti la The Guardian, na watu wakagombana mtandaoni wiki nzima.

Sasa angalia Guangzhou, mji ule ule Kitto alikoanzia. Kuna eneo linaitwa Xiaobei ambalo kwa miaka mingi limejaa wafanyabiashara kutoka Afrika, Wakenya wakiwemo. Ni kule ambako bidhaa nyingi unazoziona Nyamakima na Kamukunji huanzia safari. Hao nao wanaishi nje ya nchi yao. Hao nao wanatafuta nyumba, daktari na chakula wanachokijua. Lakini jarida la bure lenye tangazo la divai halikutengenezwa kwa ajili ya mama anayehesabu gharama za kontena. Mwenye tangazo hakuwa anamtafuta yeye. Anayelipa ndiye huamua nani ni mkazi wa mji na nani ni kivuli.

Halafu ikaja Aprili 2020. Hofu ya Covid ikapanda, na Waafrika Guangzhou wakafukuzwa kwenye nyumba na hoteli, wengine wakalala nje na mizigo yao, pamoja na waliokuwa na kodi iliyolipwa na pasipoti safi. Mabalozi wa Afrika kule Beijing waliandika barua kulalamika. Nakumbuka tukitazama video hizo hapa nyumbani, tumefungiwa na kafyu, tumeshika simu tunatetemeka kwa hasira.

Nimezitaja hizi mbili pamoja kwa sababu moja. Mwingereza mwenye jarida na Mkenya mwenye marobota hawakutendewa sawa, na siwezi kusema walitendewa sawa. Mmoja alipoteza biashara, mwingine alipoteza mahali pa kulala. Lakini wote wawili walikuwa wanaishi kwa ruhusa. Kitto mwenyewe alihamia mlima wa Moganshan akafungua mkahawa na mkewe, Mchina, akaandika kitabu kiitwacho China Cuckoo, na mwaka 2012 akachapisha makala katika jarida la Prospect akieleza kwa nini anaiacha nchi aliyoipenda. Ujumbe wake kwa ufupi: hata ukikaa miaka mingapi, hutawahi kuwa Mchina. Kisha akarudi Uingereza. Yeye alikuwa na pa kurudi.

Wewe ukifungiwa akaunti yako, unarudi wapi?

Mwenye shamba siku hizi

Majarida yale ya karatasi yenyewe yamechoka. Time Out, jina kubwa kuliko yote katika biashara hii, lilianzishwa London mwaka 1968 na Tony Elliott, na likasambaa miji mingi duniani, Beijing na Shanghai zikiwemo. Machi 2020, mji ulipofungwa na hakuna pa kutoka, lilijibadilisha jina kwa muda likajiita Time In. Mwaka 2022 likaacha kuchapisha toleo la karatasi la London, mji lilikozaliwa.

Na wageni wenyewe walianza kupungua. Sensa ya Uchina ya mwaka 2010 ilihesabu zaidi ya watu 200,000 kutoka nje waliokuwa wakiishi Shanghai, ukijumlisha wa Hong Kong, Macau na Taiwan. Ya mwaka 2020 ilihesabu takriban 164,000. Hiyo ni kabla ya mji huo wa watu milioni 25 kufungiwa ndani kwa karibu miezi miwili mwaka 2022, na familia nyingi zaidi kufunga mizigo.

Waliobaki walihamia WeChat, ile programu ya Tencent iliyoanza mwaka 2011 ambayo kule ni simu, pochi na gazeti kwa pamoja. Majarida nayo yakawafuata humo. Yaani wametoka kwa mwenye kibali mmoja wakaingia kwa mwingine. Na huyu wa pili hahitaji hata kukutana nawe. Usiku mmoja wa Julai 2021, WeChat ilifuta akaunti kadhaa za makundi ya wanafunzi wa vyuo vikuu wa jamii ya LGBTQ. Miaka ya makala ikatoweka. Hata majina yakaondolewa, mahali pa jina pakaandikwa kwamba akaunti haina jina.

Usicheke ukasema hayo ni ya Uchina. Vine, iliyowalea wachekeshaji wengi wa sekunde sita, ilizimwa na mwenyewe Twitter mwanzoni mwa 2017. India ilipiga marufuku TikTok na programu nyingine 58 za Uchina mwezi Juni 2020, na vijana waliokuwa na mamilioni ya wafuasi wakaamka na sifuri. Januari 2025 TikTok ilizimika Marekani kwa saa kadhaa baada ya Mahakama ya Juu kuunga mkono sheria iliyotaka iuzwe. Wengine walikimbilia Xiaohongshu, programu ya Kichina, wakajikuta wao sasa ndio wageni wanaouliza choo kiko wapi.

Na hapa kwetu? Agosti 2023 Bunge lilipokea ombi la raia la kutaka TikTok ipigwe marufuku Kenya. Haikupigwa. Lakini siku ile ombi liliposomwa, ni wangapi kati yetu tulikuwa na pa kuwapeleka wafuasi wetu? Mimi nilichokiona ni hasira na vichekesho. Sikuona mtu akiuliza, "Wasomaji wangu nitawapata wapi kesho?"

Sasa tufanye nini?

Sikwambii utoke TikTok. Huo utakuwa upuzi. Soko liko huko, na ukingoja hadi uwe na shamba lako ndipo ulime, utakufa njaa. Hata Kitto, kama angengoja kupewa namba ya uchapishaji, jarida lisingekuwepo hata siku moja. Lima shamba la kukodi, lakini ghala liwe kwako.

Ghala ni nini? Anza na jina. Kusajili jina la biashara kupitia eCitizen ni rahisi na ni vizuri, lakini usidanganyike kwamba hilo pekee linazuia mtu kuchapisha fulana na nembo yako. Kazi hiyo ni ya alama ya biashara, na hapa Kenya husajiliwa na KIPI, taasisi ya kulinda ubunifu wa viwanda. Ikikubaliwa inadumu miaka 10, kisha unaihuisha. Ni pesa, ndiyo. Lakini kama tayari kuna kampuni inakulipa kutaja bidhaa zake, huwezi kuniambia jina lako halina thamani.

Kisha anwani. Nunua domeni yako ya .ke, na hakikisha imeandikwa kwa jina lako, si kwa jina la yule jamaa aliyekutengenezea tovuti. Nimewaona watu watatu wakililia jambo hilo hilo, na wote waliniambia, "Alikuwa mtu poa sana."

Kisha wasomaji. Wafuasi elfu hamsini ni wa mwenye programu. Watu mia tano waliokupa barua pepe zao kwa hiari ni wako. Wachukue taratibu, mmoja mmoja, na uwaambie unazitumia kufanya nini, kwa sababu tangu 2019 kuna sheria ya kulinda data za watu na wewe pia inakuhusu. Kazi yako pia, video na picha na maandishi, weka nakala mahali unapopashika kwa mkono wako. Usifanye kama mimi, wa kufuta picha ili nipate nafasi ya kupakua sinema.

Na mwisho kabisa, karatasi na beste. Hili ndilo gumu, kwa sababu tunaona aibu. Kumwambia rafiki tuandikiane kunaonekana kama kumwita mwizi. Si hivyo. Unaandika ukurasa mmoja tu: akaunti imefunguliwa kwa namba ya nani, paswadi inajulikana na nani, pesa zinagawanywaje, na mmoja akitoka anatoka na nini. Mnatia sahihi mkiwa bado mnachekeana. Mkingoja mpaka ofa ije, mtakuwa mmechelewa, kwa sababu siku hiyo kila mmoja atakuwa na wakili kichwani.

Mimi sasa nina kajarida kadogo ka barua pepe. Wasomaji ni mia tisa na kitu. Hakuna anayenitambua kwenye matatu, na hela yenyewe ni ya kulipa stima na nyama ya Jumapili. Ukurasa ule wa zamani bado uko, una wafuasi wengi kuliko nilivyouacha, na wakati mwingine naona wameposti kibanda nilichokigundua mimi. Inauma, sitakudanganya.

Lakini mwezi uliopita mama aliniuliza kama kazi inaenda vizuri. Nikamwambia inaenda polepole. Akauliza tena swali lake lile. Safari hii nilifungua mkoba nikamwonyesha: cheti cha usajili, risiti ya domeni, na ukurasa mmoja ulio na sahihi mbili, yangu na ya dada ninayefanya naye kazi. Alizisoma zote, hata maandishi madogo, kisha akazikunja vizuri akaziweka kwenye ile bahasha anamoweka cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto wake.

Wewe bahasha yako ina nini?